Shika Mkia, Mayu

Saa moja na robo jioni, kituo cha anga za juu kilipokuwa karibu kupita juu ya kijiji cha Mwamapalala, Ernestina alikuwa amezamisha mkono mpaka kiwikoni ndani ya ng'ombe wa mama mkwe wake.

Ndama alikuwa amekunja mguu, hatoki. Wiki tatu Ernestina alikuwa akifuata ratiba ya kituo hicho kwenye simu, na wiki tatu mawingu yakamkatalia. Leo anga ilikuwa safi, na yeye shavu lake limebanwa kwenye paja la ng'ombe, haoni ila manyoya mekundu.

"Mayu, tazama magharibi. Kuna nyota inatembea?" Ernestina alimuuliza mama mkwe, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nyota gani za kutembea? Vuta ndama, wewe." Mama mkwe, aliyekuwa ameshika mkia, akainua uso. "Hee! Inakuja huku!"

"Hiyo si nyota, mayu. Humo kuna watu. Niambie ikoje!"

Mkia ulimchapa machoni ukamwachia samadi. Kwa jicho moja alimwona mama mkwe amempa mgongo, mikono yote miwili juu, anawapungia watu wa angani.

Ndani ya ng'ombe, vidole vya Ernestina vikaukamata ukwato wa ndama.

"Mkia, mayu!" alifoka huku akilia. "Shika mkia!"