Maji ya Kunawa

Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya uongozi, watu wazima wenye vyeo vyao, waliitwa chuoni wakae wiki nzima. Siku ya tatu wakafundishwa unyenyekevu: kabla ya chakula cha mchana, kila kiongozi amnawishe mpishi mmoja mikono.

Nyamizi, muuguzi mkuu wa hospitali, alipangiwa Mama Sijaona. Akashika jagi, akammiminia. Mama akanawa polepole, macho kwenye beseni.

"Rudieni," akasema mpiga picha. "Jagi halikuonekana."

Wakarudia. Mkufunzi akataka watabasamu, wakarudia tena. Mara ya nne alitaka bango la chuo liingie kwenye picha.

"Mikono imeshatakata, mwanangu," Mama Sijaona akanong'ona. "Wali unapoa."

Nyamizi akaliweka jagi chini.

"Huo ndio uongozi!" mkufunzi akapiga makofi. "Haya, tukale."

Viongozi wakaketi. Wapishi hawakuwekewa hata kiti kimoja. Mama Sijaona akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua jagi lilelile, akaanza kuwazungukia. Walinyoosha mikono bila kumtazama, huku wakiulizana picha zitatumwa saa ngapi.

Akafika kwa Nyamizi.

"Karibu unawe, mwanangu."

Nyamizi alikuwa ameikalia mikono yake. Mama Sijaona akasubiri, ameinamisha jagi, na maji yakaanza kudondoka, tone moja moja, ndani ya beseni.