Cherehani Anacheka

Darasani walimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusoma alikwenda mbio bila kukwama popote. Lakini ukimuuliza amesoma nini, aliinamisha kichwa akachezea kifungo cha sare yake.

Alasiri hiyo mwalimu wake alibaki naye maktabani. Alikuwa amekwishakata tamaa nusu. Alimpa hadithi ya bwana harusi ambaye kiatu chake kimoja kililiwa na mbuzi asubuhi ya sherehe, akaamua kwenda hivyo hivyo na kuuficha mguu chini ya meza.

"Wakwe wakamwomba asimame acheze," Cherehani alisoma, mbio vilevile. "Bwana harusi akasema ana kizunguzungu, akaomba maji. Maji yalipo…"

Kidole chake kilirudi nyuma mstari mmoja, taratibu, kikasimama. Mabega yakaanza kutikisika. Mwalimu akadhani analia.

Kumbe ni kicheko, tena cha kushika mbavu.

"Mwongo huyu," alisema msichana akipangusa macho. "Hana kizunguzungu chochote. Anaogopa wataona mguu."

"Imeandikwa wapi hiyo?"

Cherehani aliutazama ukurasa, juu mpaka chini.

"Haijaandikwa," alisema, akijishangaa mwenyewe. "Lakini ndivyo ilivyo."

Mwalimu aliikunja karatasi yake ya maswali. "Sasa hebu niambie, mwanangu…"

"Subiri kidogo, Mwalimu. Bibi harusi ameangusha kijiko, anainama."