Pengo la Jina la Shule

Mwalimu Siwema alikuwa ameshainua muhuri alipoona kwamba kwenye fomu ya uhamisho, mahali pa jina la shule mpya pako wazi.

"Gonga tu, mwalimu," alisema mama aliyemleta Chausiku, mwanafunzi wa darasa la tano. "Shule tutaijaza tukifika. Si ndivyo mnavyofanya siku zote?"

Kweli, ndivyo walivyofanya. Mwaka jana alizigonga tatu hivyo hivyo, kwa huruma, na mpaka leo hakuna shule iliyoandika kuomba mafaili ya watoto wale.

"Mnahamia mtaa gani, dada?"

"Makubwa! Maswali kama polisi. Mimi ni shangazi yake."

"Chausiku, shangazi anaitwa nani?"

Mtoto alimtazama yule mama, akangoja aambiwe.

Mwalimu aliufungia muhuri kwenye droo, akampigia simu afisa ustawi wa jamii palepale mbele yao.

"Utajuta, mwalimu. Chausiku, twende!" Yule mama alimkamata mtoto mkono.

"Wewe nenda. Mtoto anabaki."

Simu ilikuwa bado inaita. Chausiku alijinasua, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha mwalimu na kukishika kwa mikono miwili.