Lango la Waliohitimu

"Mama yako anataka picha moja tu," Shekue alimwambia rafiki yake, akitoa joho jeusi kwenye mkoba. "Umelivaa hili, umesimama chini ya lango kuu. Amelishona mwenyewe, bwana."

Mbaruku alilipokea kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Katika mji ule wa vyuo vya kale, alimweleza Shekue, wanafunzi waliamini kwamba anayepita lango lile kabla ya kuhitimu, hahitimu tena. Miaka tisa alikuwa akizungukia nyuma, penye mapipa ya taka. Nyumbani walianza kumwita Daktari tangu mwaka wa nne, naye akaitika.

"Ndiyo maana umenipitisha mapipani!" Shekue alicheka. "Nikadhani ndio utalii wenyewe. Kumbe Daktari bado mwanafunzi?"

"Nyamaza, ndugu yangu."

"Mimi nitanyamaza. Mama je? Fremu ameshaitundika ukutani, haina kitu."

Watalii walipita langoni wakilamba aiskrimu. Mbaruku alivaa joho. Lilimpwaya, mama alikuwa amepima kwa kumbukumbu. Akasogea hadi kizingitini, akainua mguu.

"Haya, piga."

Shekue aliinua simu. Mguu ulikuwa bado hewani.