Mstari Uliorukwa

Ukumbi mzima wa wenye mvi uliimba pamoja na bendi ya roki ya ujana wao. Katikati ya ubeti wa pili, fundi cherehani mstaafu aliruka mstari.

Nyumbani, sahani ya santuri ya wimbo huo, yake na mkewe, ilikuwa na mkwaruzo hapo. Miaka thelathini na minane sindano iliruka, nao wawili wakaruka nayo, wakicheka.

“Mzee mwenzangu, mbona watukimbia?” alitania jirani yake. “Tungoje basi!”

Kidole gumba cha fundi, chenye sugu ya mkasi, kiligonga goti. Tangu mazishi ya mkewe, hakuna mwingine aliyeujua wimbo ule hivyo.

Bendi ikaurudia ubeti.

“Haya, sasa twende pamoja,” jirani alisema.

Fundi alivuta pumzi, akauruka tena mstari ule, akiimba unaofuata kwa sauti.