Fidia ya Vidonge

Mlango wa tatu, Loice hakubisha hodi. Kwenye milango miwili ya kwanza pale Al Mansoura, mtaa wa wafanyakazi wageni ughaibuni, walimcheka: mlokole mzima, na sare ya hoteli juu, anaulizia vidonge!

"Haiya! Leo kanisa limekuja kwa shetani," Bradley akasema bila kuinuka kitandani. "Si ni wewe ulimwaga mali yangu chooni?"

"Ni mimi. Nipe kimoja."

"Kimoja tu? Cha nani?"

"Bradley, wacha maneno. Saa tatu imepita."

Bradley hakuhitaji kuelezwa haraka ilitoka wapi. Mtaa mzima ulijua. Tangu mwaka wa 2011 kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Wesley, mdogo wa Loice, ilikuwa ikimgawia kila mlinzi kidonge kabla ya zamu, asimame saa kumi na mbili juani mbele ya maghorofa ya West Bay asiutaje mgongo. "Panadol ya wanaume," msimamizi alikiita. Miaka mitatu! Githinji, mlinzi mwenzao, akafia lindoni, ndipo wakili akapatikana, na kampuni ikalipa fidia bila kukiri kosa. Pesa za kuwatibu walionaswa na vidonge, walisema. Kwanza zikanunua zulia la ofisi ya kuzigawa, bango, na mkutano wa sambusa hotelini. Zilizosalia zikatosha watu thelathini: kitanda cha hospitali Eldoret, tikiti, na pasipoti mkononi pamoja na kibali cha kutoka nchini. Orodha ilikuwa ifungwe leo saa sita.

"Wesley bado hajaandikwa?"

"Jana walimrudisha mlangoni."

"Pole. Nasikia amekonda, analala akitetemeka." Bradley akatoa kidonge chini ya godoro, akataja bei mara tatu ya kawaida. Loice akavua saa yake ya mkono, akaitupa kitandani. "Ona sasa, dada. Ungemwachia mdogo wako vitu vyangu tangu mwanzo, tungesumbuana hivi?"

Loice akakifumbata kidonge, akatoka. Ndani ya teksi alijaribu kuomba, sala ikakataa kuja.

Wesley alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi ya fidia, mtaa wa Al Sadd, chini ya bango lililoandikwa MAISHA MAPYA, mkono kiunoni. Miaka ishirini na tisa, na akiinuka huinuka kama mzee. Kazi hana, kampuni imeshamfuta. Pasipoti imo kabatini mwao. Asipoingia kwenye orodha hii, atazeekea kwenye kambi ya wafanyakazi, na mama yao ataendelea kumuuliza Loice kwa simu, kila Jumapili, kijana anakuja lini.

Wesley akautazama mkono wa dada yake uliofumbwa, kisha akageuza uso.

"Usinipe, dada."

"Shika."

"Loice, nakuomba. Nipeleke kokote."

"Kokote ni wapi? Nimezunguka kila ofisi ya mji huu nikikupigania. Hii ndiyo imebaki."

Karani akachungulia mlangoni, kalamu sikioni. "Bado nafasi mbili! Mwenye kupimwa aje na kikopo chake kabla ya saa sita!"

Wanaume wawili wakainuka, wakisukumana. Loice akaketi karibu na mdogo wake, akafungua chupa ya maji, akamwekea kidonge kiganjani. Wesley akakitazama.

"Nitarudi kulekule," akanong'ona.

"Utarudi nyumbani kwanza." Loice akamsogezea chupa. "Maji yote, umalize. Ukae saa mbili, halafu uwapelekee mkojo. Wa jana walisema ni msafi, na pesa ni za wagonjwa tu."

Wesley, ambaye kwa siku arobaini na moja hakuwa ameonja kidonge, akafungua mdomo.