Mwandiko wa Sisimizi

Siku hiyo mwalimu wa hesabu alilazimika kuazima kioo cha kukuzia kutoka kwa mwalimu wa sayansi ili asahihishe kazi ya mtoto mmoja.

Wanafunzi walimwita Bi Mstari, na walidhani hajui. Siku shule ilipofunguliwa aliwaandikia ubaoni sheria zake za kazi za nyumbani: kaa mahali pale pale, anza saa ile ile, tangulia na lile swali linalokutisha, na mzazi atie sahihi chini ya ukurasa. Bila sahihi hasahihishi, hata ulie machozi ya damu. Darasa zima lilizishika sheria hizo kwa wiki mbili, kisha likarudi kwenye desturi yake ya kunakiliana asubuhi nyuma ya choo.

Msichana mmoja tu hakutetereka. Kila asubuhi daftari lake lilikuwa la kwanza mezani, majibu yote sawa, sahihi ya mama pale chini kwa wino wa kijani. Kasoro ilikuwa mwandiko. Mwanzoni ulikuwa mzuri tu, ukurasa mmoja kwa siku. Mwezi wa nne ukaanza kusinyaa, na sasa, mwezi wa kumi, kazi ya wiki nzima ilibanana kwenye ukurasa mmoja, hadi pembezoni. Wenzake wakambandika jina la Sisimizi. Wakati wa mapumziko alibaki darasani peke yake, akichonga penseli mpaka iwe kama sindano.

"Mbona unazibania kurasa hivyo? Zinaliwa?" Bi Mstari alimuuliza.

"Hapana, mwalimu."

Bi Mstari alidhani ni shida ya nyumbani. Akanunua daftari jipya, lenye jalada gumu, akamwekea mezani. "Kesho anza humu. Hilo la zamani peleka ukalitunze."

Sisimizi alilisukuma kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu. Hili langu halijaisha."

"Macho yangu yataisha kabla yake!"

Darasa likacheka. Msichana akalia, naye hakuwa mtoto wa kulia ovyo. Kesho yake akaja na daftari lile lile, mwandiko umepungua zaidi.

Bi Mstari aliudhika. Aliishi peke yake, na jioni zake zilikuwa chai na madaftari arobaini, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuudhika. Jioni hiyo alizitazama zile sahihi moja baada ya nyingine. Zilifanana mno. Tena Jumatatu, ukurasa ukiwa na mistari mitatu tu, sahihi ilikuwa tayari iko chini kabisa, na katikati peupe. Mzazi gani anatia sahihi mbali hivyo na kazi ya mtoto?

Muhula uliopita mvulana mmoja alighushi sahihi ya baba yake, akafukuzwa shule. Bi Mstari hakulala vizuri.

"Hii ni sahihi ya nani?" alimuuliza Sisimizi asubuhi.

"Ya mama. Mkono wake mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Kazini, mwalimu."

Alipiga namba ya mzazi iliyokuwa kwenye faili. Haikupatikana. Saa kumi alasiri akavaa viatu, akaenda mwenyewe.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa cha kushonea. Fundi alikuwa mwanamke mnene, mdomo umejaa pini. Pembeni mwa meza ya kukatia vitambaa, Sisimizi alikwisha kukaa na penseli yake, akianza na swali gumu. Bi Mstari alipoona vile, moyo ulimuuma. Mwanafunzi mmoja katika darasa zima aliyeshika maneno yake, na ndiye huyu ambaye yeye mwalimu amekuja kumfukuzisha.

"Wewe ndiye mama yake?"

Fundi alitema pini mkononi. "Mimi mama yake mkubwa. Mdogo wangu alikwenda kufanya kazi za watu huko mbali, wiki ile ile shule zilipofunguliwa. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Tangu mwezi wa nne, kimya."

"Basi sahihi unatia wewe?"

"Mimi?" Fundi akacheka kidogo. "Mwalimu, mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Mimi ni chaki na mkasi tu."

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Bi Mstari hakufurahi hata chembe kupatia. Alinyoosha mkono.

"Lete daftari."

Sisimizi alilileta, akalishika kidogo kabla ya kuliachia. Bi Mstari alifungua ukurasa wa leo, kisha akafunua uliofuata ili aone kama mtoto alikuwa amejizoeza sahihi hapo. Ukurasa ulikuwa mtupu. Chini yake palikuwa na sahihi ya kijani. Akafunua mwingine. Mtupu, na sahihi. Mwingine. Mwingine tena, mpaka jalada.



"Alizitia zote siku ya kuondoka," msichana alisema. "Mpaka vidole vikamkakamaa. Akaniambia nifanye kazi zangu kila siku, na kabla daftari halijaisha atakuwa amesharudi."



Sisimizi alilichukua daftari taratibu, akalilaza mezani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Zimebaki kurasa tisa, mwalimu," alisema. "Bado hajachelewa."